Sukari isiyoonjwa: jibu kwa mama wa mtoto mwenye hitilafu ya jeni ya FKTN

Mama mmoja wa Mombasa ameniandikia kuhusu mwanawe wa miaka miwili na nusu. Mtoto alizaliwa mlegevu. “Ukimbeba kwa kumshika makwapani anakuponyoka kama samaki,” asema. Hadi leo hakai bila kuegemezwa. Kipimo cha damu kilionyesha kreatini kinasi iliyopanda mno, picha ya MRI ikaonyesha ubongo ambao uso wake haukujikunja sawasawa, na kipimo cha jeni kilichopelekwa nje ya nchi kikarudi na herufi nne: FKTN, nakala zote mbili zina hitilafu. Daktari alimweleza harakaharaka kwamba protini za mtoto hazivikwi sukari inavyotakiwa, akaita mgonjwa mwingine. Mama anauliza: “Je, ni kwa sababu nilikula vitu vitamu sana nilipokuwa na mimba? Au ni ule uchungu uliokawia ndio uliomharibu ubongo? Iweje ugonjwa mmoja ushike misuli na ubongo pamoja? Baba mkwe wangu na mama yangu ni ndugu wa tumbo moja, na mama mkwe anasema kasoro imetoka upande wetu. Dawa ipo? Na mtoto huyu, ananijua?”

Waaleikum salaam, mama. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Kaimati na halua ulizokula hazimo kabisa katika habari hii. Uchungu uliokawia nao haumo. Nitakueleza ni kwa nini, na nakuomba unifuate polepole, kwa sababu ukishaiona picha yenyewe, lawama yote itakosa pa kukaa.

Neno “sukari” ndilo lililokupoteza, na si kosa lako. Ukilisikia unafikiria chai au ugonjwa wa kisukari. Kwa sisi wa biokemia, sukari ni ukoo mzima wa molekuli ndogo, na nyingi kati yake hazijawahi kuonjwa na ulimi wa mtu. Seli huzitengeneza zenyewe kutokana na chakula cho chote, uwe ugali, wali au muhogo, kisha huzitumia kama fundi anavyotumia vifaa vyake. Protini nyingi zinazokaa juu ya seli haziachwi uchi. Zikishatengenezwa hupitishwa kwenye vyumba vya ndani ya seli, na humo vimeng'enya huzipachika sukari hizo moja baada ya nyingine, kila kimeng'enya na zamu yake, kama vile mtu atungavyo ushanga. Kazi hiyo ndiyo glikosilesheni. Mwanao akipimwa sukari ya damu leo atakutwa sawa, kwa kuwa sukari anayo ya kutosha. Anachokosa ni fundi mmoja katika safu ya watunga ushanga.

Protini inayotuhusu inaitwa distroglikani. Ilitambuliwa mwaka 1992 na kikundi cha Kevin Campbell katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walipokuwa wakichunguza protini zinazoambatana na distrofini. Distrofini ni ile inayokosekana kwa wavulana wenye ugonjwa wa Duchenne. Huenda umelisikia jina hilo kliniki, kwa kuwa ndilo linalotajwa mara nyingi watoto wenye misuli dhaifu wanapozungumziwa. Jeni moja hutoa distroglikani ikiwa kipande kimoja kirefu, kisha seli hukikata kuwa vipande viwili. Kipande cha beta kinapenya utando wa seli, na mkia wake wa ndani umeshikwa na distrofini. Kipande cha alfa kinakaa nje, kimemshikilia beta. Nje ya kila uzi wa msuli kuna ala nyembamba na ngumu, na ndani ya ala hiyo kuna protini iitwayo laminini. Kwenye msuli, kazi ya distroglikani nzima ni hiyo moja: kuufunga uzi wa msuli na ala yake, ili msuli ukivuta, nguvu ipite kutoka ndani hadi nje bila kuupasua utando katikati.

Sasa lishike neno hili, kwa maana mzizi wa ugonjwa wa mwanao uko hapa. Laminini haimshiki alfa mwenyewe. Inaushika ushanga wake.

Ushanga huo huanza na sukari iitwayo manosi, inayopachikwa na vimeng'enya viwili, POMT1 na POMT2, vinavyofanya kazi kama pacha. Zinafuata sukari nyingine mbili, na kimeng'enya POMK huitia ile manosi alama ya fosfeti. Kisha inafika zamu ya fukutini, protini inayotengenezwa kwa maelekezo ya jeni ya FKTN, hiyo hiyo iliyoandikwa kwenye karatasi yako. Fukutini huongeza kipande cha ribitoli, molekuli iliyo jamaa ya sukari, chenye fosfeti. Jirani yake, FKRP, huongeza cha pili. Baada ya hapo zinakuja sukari nyingine mbili, zailosi na asidi ya glukuroniki, na mwisho kabisa kimeng'enya LARGE1 kinazitunga hizo mbili kwa kupokezana, zailosi, glukuroniki, zailosi, glukuroniki, mara nyingi, mpaka unapatikana mkufu mrefu wa rangi mbili. Mkufu huo wataalamu wanauita matriglikani, na ndio laminini inaoukamata. Bila fukutini kazi inakwama katikati. Mafundi wa mbele wako wazima, vifaa wanavyo, lakini hawana pa kuunganishia.

Kuna jambo hapa ambalo hunigusa kila ninapolifundisha. Jeni hii ilipatikana Japani mwaka 1998, lakini hadi mwaka 2016 hakuna aliyejua kwa hakika fukutini inafanya kazi gani. Miaka 18 nzima wazazi waliambiwa jina la jeni bila kuambiwa kazi yake. Sababu ni kwamba hakuna aliyetazamia kukuta ribitoli fosfeti mahali hapo. Ilikuwa ikijulikana katika kuta za bakteria, haikuwa imewahi kuonekana katika protini za mwili wa mnyama wala binadamu. Wanasayansi wa Japani walipoikuta kwenye distroglikani, ndipo kazi ya fukutini na FKRP ilipoeleweka kwa siku moja.

Msaada mwingine ulitoka Afrika Magharibi kwa njia ya ajabu. Virusi vya homa ya Lassa, vilivyotambuliwa mwaka 1969 na kupewa jina la mji wa Lassa nchini Nigeria, huingia mwilini kwa kuushika mkufu huu huu wa matriglikani. Seli isiyo na mkufu haiambukizwi kirahisi. Basi mwaka 2013 watafiti waliziharibu jeni za seli moja moja, wakaziachia virusi vyenye vazi la Lassa, wakatazama zipi zinabaki hai. Zile zilizonusurika ziliwaonyesha jeni za watunga ushanga, zikiwamo ambazo hakuna aliyekuwa akizishuku. Leo zinajulikana jeni zaidi ya 15 ambazo mojawapo ikiharibika, mkufu unakatika mahali fulani.

Nikueleze kitu kimoja unachoweza kukiona kwa macho. Tukichukua kijipande cha msuli cha mtu mzima wa afya, tukakikata kikawa chembamba kupita karatasi na kukiweka chini ya hadubini, nyuzi za msuli zinaonekana kwa mkato, kama sega la asali. Tukitia kingamwili yenye kung'aa inayoutambua ule mkufu, kila uzi unazungukwa na pete ya mwanga. Kwa mtoto mwenye hitilafu ya FKTN, ukitia kingamwili hiyo, kunakuwa giza au mwanga hafifu wa mabaka. Lakini ukitia nyingine inayomtambua beta, pete zinawaka zote. Protini ipo. Imekaa mahali pake, imejipanga vizuri, mkono mtupu. Mwanafunzi akiona slaidi hizo mbili pamoja huwa hahitaji tena maelezo yangu.

Twende kwenye swali lako la misuli na ubongo. Ni mkufu mmoja, lakini viungo hivi viwili huutumia kwa nyakati tofauti, na tofauti hiyo ina maana kubwa kwa jinsi utakavyomtunza.

Kwenye msuli, kazi ni ya kila dakika. Uzi wa msuli ukijikunja bila kufungwa kwenye ala, utando wake unachanika vitobo vidogo vidogo. Kalisiamu ya nje inaingia kwa wingi na kuwasha vimeng'enya vinavyoila seli yenyewe, na vya ndani vinavuja nje. Ile kreatini kinasi iliyokutwa damuni si sumu. Ni kimeng'enya cha ndani ya msuli kilichomwagika. Mwili una seli za akiba za kukarabati, nazo hufanya kazi kwa bidii miaka ya mwanzo. Baadaye akiba inapungua, na mahali pa msuli panajaa mafuta na makovu. Kwa hiyo udhaifu wa misuli ni jambo linaloendelea, na ulezi wa kila siku unaweza kulipunguza makali.

Ubongo ni habari nyingine. Fikiria minazi. Seli za neva za gamba la ubongo hazizaliwi pale zinapofanya kazi. Huzaliwa ndani kabisa, kando ya vyumba vya maji ya ubongo, kisha hupanda hadi juu. Hupanda kwa kukwea seli nyingine ndefu za glia, zilizosimama kutoka ndani hadi nje, kama wakwezi wanavyopanda mnazi. Kwa juu, kila “mnazi” umebandika kilele chake kwenye utando wa nje wa ubongo, wenye laminini ile ile uliyoisoma hapo juu, na kinachobandika ni distroglikani na mkufu wake. Utando huo ndio dari. Mkwezi akifika chini yake hutua na kushika nafasi yake.

Mkufu ukikosekana, vilele havishiki na dari inatoboka matundu. Wakwezi wanapanda, hawakuti pa kukomea, wanapitiliza na kutokea nje, juu ya ubongo, wakajirundika huko bila mpango. Hayo ndiyo aliyoyaona daktari wa picha: uso uliokosa mikunjo yake ya kawaida, wenye vinundu mithili ya njia iliyotandikwa mawe. Wakati mwingine na njia za maji ya ubongo huziba, kichwa kikaanza kukua upesi. Hilo nalo ni la kuangaliwa.

Upandaji huu hufanyika hasa kati ya mwezi wa tatu na wa sita wa mimba. Mama, nataka uisome sentensi hiyo tena. Siku ulipoingia leba, ubongo wa mwanao ulikuwa umeshachukua umbo lake miezi kadhaa kabla. Uchungu ungekwenda upesi kama maji, picha ya MRI ingekuwa ile ile. Wala ubongo haukuumia kwa sababu misuli ni dhaifu: mwaka 2002 watafiti waliiondoa distroglikani kwenye ubongo tu wa panya, wakaiacha misuli salama, na ubongo ukapata kasoro hizo hizo.

Kutokana na hayo kuna jambo la kutia moyo kidogo. Hitilafu ya umbo la ubongo ilishatokea na haiendelei kuenea. Watoto wenye FKTN huchelewa sana, wengi hawafiki kutembea, lakini wengi huendelea kujifunza vitu vipya kwa miaka kadhaa ya utotoni: kukaa, kusota kwa makalio, maneno machache. Umeniuliza kama anakujua. Umeandika mwenyewe kwamba ukiingia chumbani na kusema, hata kabla hajakuona, anaacha kulia na kugeuza macho mlangoni. Anakujua, mama. Mtoto asiyekujua hafanyi hivyo.

Kuhusu jina la ugonjwa, usishangae ukisikia majina tofauti. Daktari Yukio Fukuyama aliueleza huko Japani mwaka 1960, na aina inayoitwa kwa jina lake ni miongoni mwa magonjwa ya misuli yaliyo ya kawaida zaidi kwa watoto wa nchi hiyo, ya pili baada ya Duchenne. Takribani Mjapani 1 kati ya 90 ana nakala moja mbovu, tena karibu wote wamerithi kosa lile lile kutoka kwa mhenga mmoja wa zamani: kipande cha DNA cha herufi kama 3,000 kilichojichomeka mwishoni mwa jeni. Finland ina aina yake inayogusa misuli, macho na ubongo, ambayo hutokana na jeni nyingine ya watunga ushanga. Aina kali kuliko zote inaitwa Walker-Warburg. Kwa upande mwingine, wako watu wazima wa Ulaya ya kaskazini wenye hitilafu ndogo ya FKRP ambao akili zao ni timamu kabisa na wanachohisi ni udhaifu wa mapaja na mabega. Mimi naona majina haya ni vituo vya njia moja: kadiri mkufu unavyobaki mfupi, ndivyo ugonjwa unavyoanza mapema na kugusa ubongo na macho.

Macho nimeyataja makusudi, kwa sababu katika barua yako hayamo. Mwanao apimwe na daktari wa macho mwezi huu, si mwaka ujao. Uoni hafifu wa mbali na kasoro za retina huambatana na ugonjwa huu, na mtoto asiyeona vizuri huonekana mzito wa akili kuliko alivyo. Miwani peke yake imewahi kubadilisha watoto.

Dawa ya kuurudisha mkufu haijafika hospitalini. Sitaki ujipe matumaini ya bure, wala sitaki ukate tamaa. Kwa lile kosa la Kijapani, mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba vipande vifupi vya asidi ya nukleiki vinaweza kuifanya seli isome jeni sawasawa, katika seli za wagonjwa na katika panya. Lakini karatasi yako inaonyesha kosa la aina tofauti, kwa hiyo dawa hiyo hata ikikamilika haitamfaa mwanao. Katika panya, kuingiza jeni nzima ya fukutini kumesaidia hata baada ya misuli kuanza kuchoka. Na kwa watu wenye hitilafu ya FKRP yanafanyika majaribio ya kunywa ribitoli: ikiwa fundi ni mzito lakini yu hai, mletee malighafi tele aharakishe. Hoja hiyo ina mantiki, ila inategemea fundi awe na uhai kidogo. Tafadhali usiagize unga wa ribitoli mtandaoni ukamnywesha mtoto. Wapo wauzaji, na kipimo cha mtoto wa miaka miwili hawakijui.

Ya kufanya sasa ni haya, nayo si madogo. Mazoezi ya kunyoosha viungo kila siku, hasa nyonga, magoti na vifundo vya miguu, kwa mkono wako mwenyewe baada ya kufundishwa na mtaalamu. Dakika kumi na tano asubuhi, baada ya kuoga, wakati mwili una joto. Kiti cha kumshikilia mgongo usipinde. Alishwe akiwa ameketi wima, uji uwe mzito kiasi, na akikohoa kila anapokunywa mwambie daktari, kwani chakula kikienda mapafuni ndicho kinacholeta nimonia. Chanjo zote, bila kuruka. Degedege ni jambo la kawaida kwa watoto hawa, hata bila homa. Likitokea lina dawa. Moyo upimwe mara kwa mara, na kwa uangalifu zaidi akikaribia miaka kumi.

Mawili ya hatari nayaandika peke yake. Akipata mafua makali au homa kisha akalegea ghafla kuliko kawaida yake, au mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Msuli unayeyuka kwa wingi na figo ziko mashakani. Na akihitaji upasuaji wo wote, hata kung'olewa jino kwa nusu kaputi, mtaalamu wa ganzi aambiwe kabla kwamba mtoto ana ugonjwa wa misuli na asipewe suksinilikolini. Dawa hiyo inaweza kupandisha potasiamu ya damu hadi moyo ukasimama. Iandike kwenye kadi, uibandike ndani ya jalada la kliniki, uisome kwa sauti usipoaminiwa.

Sasa nimjibu mama mkwe, kwa heshima zake. Ugonjwa huu huhitaji nakala mbili mbovu, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye moja tu hana dalili yo yote, maana nakala nzima inatosha kutunga ushanga. Wewe ni mbebaji, na mumeo ni mbebaji. Yaelekea sana kosa lilitoka kwa babu au bibi yenu mmoja, yule aliyemzaa mama yako na baba mkwe wako, likashuka kimyakimya kwa mistari miwili na kukutana kwa mtoto huyu. Huo “upande wenu” anaousema ndio huo huo upande wa mume wake yeye. Kila mmoja wetu amebeba makosa ya namna hii bila kujua. Waliooana binamu wana nafasi kubwa zaidi ya kukutanisha lile lile, basi.

Kwa kila mimba ijayo, bahati ni 1 kati ya 4 mtoto kuugua, 2 kati ya 4 kuwa mbebaji mzima kama ninyi, na 1 kati ya 4 kutokuwa nalo kabisa. Hesabu huanza upya kila mimba. Huyu hajawalipia wenzake. Kwa kuwa kosa lenu limeshajulikana hadi herufi, mimba inaweza kupimwa kuanzia wiki ya kumi na moja hivi. Mkipenda kupima, na mtakalolifanya na majibu, ni shauri lenu na mumeo, na mwanachuoni mnayemwamini.

Umegusia mwishoni, kama jambo la pembeni, kwamba mdogo wako ameposwa na shemeji yako. Hilo si la pembeni. Wote wawili wapimwe kosa hili moja tu kabla ya harusi; ni kipimo chepesi cha damu na hakihitaji kusoma jeni zote upya. Lakini maabara itahitaji ripoti kamili ya mtoto, ile yenye maandishi ya kosa lenyewe kwa herufi na namba, si ukurasa wa muhtasari uliopewa. Rudi uiombe. Ni haki yako, na utaihitaji pia siku majaribio ya dawa yatakapoanza kuandikisha watoto wenye FKTN.